UZI: Mbao kwenye bodi ya gari – zinapobeba, zinapooza

Randa_Kali (mwanzisha uzi)

Mjadala wa sakafu ya lori hapa jukwaani huishia kwenye kejeli. Wa chuma wanawaita wenzao mafundi wa mkokoteni, wa mbao wanajibu kwamba mchomeleaji hana dawa nyingine isipokuwa kuchomelea. Nafungua uzi huu tuweke vipimo mezani. Mfano wetu uwe bodi ya Canter ya futi 14: sakafu ya mita 4.3 kwa mita 2, yaani mita za mraba 8.6.

Uzito kwanza, maana ndio unaotajwa sana na kupimwa kidogo. Chekapleti ya milimita 3, lile bati nene la vipele, ni karibu kilo 25 kwa mita ya mraba. Sakafu nzima inafika kilo 215. Ya milimita 4 inakaribia 290. Sasa chukua mbao zilizobaki milimita 36 baada ya randa. Mkaratusi mkavu wenye kilo 700 kwa mita ya ujazo unakupa kilo 217. Mvule, kwa 640, ni 198. Saiprasi, kwa 450, ni 139. Plaiwudi ya milimita 18 haifiki hata 100.

Kwa hiyo anayekuahidi kwamba ukiweka mbao ngumu mizani ya Mlolongo itakuona kama manyoya hajapiga hesabu. Mkaratusi na chekapleti ya 3 ni sare. Tofauti inakuja chini yake: ile bati ya 3 hubonyea ukiacha sentimita 40 kati ya krosmemba (chuma kinachokingama chini ya sakafu) moja na nyingine, kwa hiyo unaongeza krosmemba, na hizo nazo ni kilo. Ubao wa 36 unavuka sentimita 40 bila wasiwasi.

Saiprasi ni nyepesi, ni rahisi kupatikana, na kwa ubavu wa bodi inafaa kabisa. Sakafuni ni laini mno. Mguu mmoja wa jenereta ukiburutwa unaacha mfereji, na mfereji unashika maji. Hilo la maji nitalirudia mpaka mchoke, kwa sababu ndilo linaloua mbao kwenye gari. Uzito wa mzigo hauziui.

---

Ruaka_Tupu

Randa, kama kilo ni zile zile, mtu aachie wapi chuma? Bati halina bungua wala mchwa.

---

Randa_Kali

Inategemea unabeba nini, bosi. Ukibeba mawe ya Ndarugu au kokoto, weka chuma na usiniulize tena.

Ukibeba ng'ombe kwenda Dagoretti au mbuzi kwenda Kiamaiko, mambo yanageuka. Mkojo wa mifugo una chumvi na amonia. Unakula rangi, kisha unakula weldi, na sehemu ya kwanza kutoboka ni pale bati linapokutana na krosmemba kwa sababu uchafu hukaa katikati. Ubao haujali amonia kiasi hicho. Tena kwato inateleza kwenye bati lililolowa, vipele au bila vipele. Kwenye mbao unapigilia vipande vya inchi 2 kwa 1 kukingama, kila sentimita 30 hivi, mnyama anapata pa kukanyagia. Acha mwanya wa sentimita 5 kila mwisho wa kipande hicho ili maji ya kuosha yapite pembeni. Wengi husahau mwanya huo na kila kipande kinageuka bwawa.

Halafu kuna suala la kutengeneza. Ubao mmoja ukivunjika unatoa mmoja. Bati likipasuka katikati unakata, unachomelea, unapaka, na joto la kuchomelea limeshaunguza rangi ya upande wa chini ambao hutaufikia.

---

Msumeno_wa_Gikomba

Niongeze upande wa kununua, maana hapo ndipo bodi nyingi zinaharibika kabla hazijajengwa.

Hesabu ya mbao: tumia za inchi 6 kwa 1½, zilale kwa urefu wa gari, zipite juu ya krosmemba. Ubao wa inchi 6 ukipigwa randa unabaki kama milimita 145. Weka mwanya wa 3. Mita 2 gawa kwa 148 unapata kumi na tatu na nusu, kwa hiyo nunua vipande 14 vya futi 14 na kimoja utakipasua. Hiyo ni futi 196. Ongeza viwili vya akiba, sababu katika rundo lolote kuna ubao wenye fundo pale pale unapotaka kupiga bolti.

Unyevu. Mbao mbichi za mkaratusi zinauzwa zikiwa bado zinatoa maji ukizipiga msumari. Usimwamini mwenye yadi wala kidole chako. Kata kipande kidogo, na usikikate kwenye kichwa cha ubao, ingia ndani sentimita 30 kwa sababu kichwa hukauka kwanza na kitakudanganya. Kipime kwenye mizani ya jikoni. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103, ukipime kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito usipungue tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito mkavu. Kilichokuwa gramu 100 kikawa 85, unyevu ni 15 gawa kwa 85, asilimia 17.6. Kwa hewa ya Nairobi lenga 12 hadi 15. Ikizidi 20 rudisha, au zipange na vijiti vya inchi moja kila sentimita 60, vijiti vinyooke juu ya vijiti, uweke mawe juu, na usubiri. Kanuni ya zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene; ni kanuni ya mtu asiye na haraka, lakini kwa mkaratusi uharaka ndio unaoleta mbao zilizojisokota kama kamba.

Bungua: kagua ile sehemu nyeupe ya nje ya mti. Wadudu wanaopenda mbao ngumu zilizokauka hufuata wanga uliomo humo, wanaacha kiini. Ukiona vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini na unga laini chini yake, ubao huo acha hapo hapo.

Mvule ni mbao nzuri, haiozi kirahisi na haichezi sana, ila vumbi lake linawasha koo na ngozi, vaa kitambaa cha maana. Tena mara nyingine ndani yake mna mawe ya chokaa ambayo mti wenyewe umeyatengeneza. Msumeno ukiyagonga, meno kwaheri. Nyingi sokoni zinatoka Kongo, kwa hiyo omba karatasi zake usije ukasimamishwa njiani.

---

Mwenda_Pole

Ahsante mzee Msumeno. Swali: kila ubao bolti ngapi? Wengine wanapiga mbili mbili kwenye kila krosmemba, wanasema ndiyo imara.

---

Randa_Kali

Imara mpaka ubao ukauke, kisha unapasuka katikati kwa urefu. Sababu ni hii: ubao haupungui urefu kwa kiasi cha kuonekana, unapungua upana. Ubao wa milimita 145 ukitoka unyevu wa 25 kwenda 12 unaweza kupungua milimita 5 hivi, zaidi ukiwa umepasuliwa kwa kufuata duara la mti. Ukiushika kwa bolti mbili zilizoachana sentimita 10, hauna pa kwenda. Lazima ujipasue.

Ninavyopendekeza: bolti mbili kwenye krosmemba ya kwanza na ya mwisho tu, kwingine bolti moja moja, zikipishana, mara upande huu wa ubao, mara ule, kama nyayo za mtu anayetembea. Kwa krosmemba 12 na mbao 14 hiyo ni bolti 56 za miisho na 140 za katikati, jumla 196. Tundu kwenye ubao lilingane na bolti, tundu kwenye chuma lizidi milimita 2. Tumia bolti za M10 zenye kichwa cha mviringo na shingo ya mraba, urefu 60, zilizopakwa zinki. Chimbia kichwa milimita 3 chini ya uso wa ubao, mzigo usikikwaruze. Chini weka washa pana na nati ya kujifunga.

Bolti nyeusi zisizo na zinki kwenye mkaratusi ni kosa. Ubao huo una asidi na tanini, chuma kinageuka cheusi, kinakula nyuzi zinazokizunguka, na baada ya misimu miwili ya mvua bolti inacheza kwenye tundu pana kama jino bovu.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: tazama kichwa cha ubao uone mapete ya mti. Upande ulioelekea moyo wa mti uwe juu. Ubao ukikauka, yale mapete hutaka kunyooka, kwa hiyo upande wa ganda ndio unaobonyea. Ukilaza ganda juu umejitengenezea bakuli 14 za kukusanya maji. Moyo ukiwa juu, ubao unatuna kidogo na maji yanakimbilia kwenye mwanya.

Na kabla ya kufunga chochote, vichwa vya mbao na kila tundu la bolti vipate epoksi nyembamba mara mbili. Maji huingia kichwani mwa ubao kwa kasi mara nyingi zaidi ya usoni, kwa sababu pale ni kama umekata rundo la mirija. Rangi juu ya uso na kichwa wazi ni kuvaa koti la mvua bila kofia.

---

Injinia_Yubolti

Mmepita haraka mahali ambapo bodi hukatika: kati ya chasisi na boriti ndefu za bodi. Hapo pia huwekwa ubao mgumu, milimita 40 hadi 50, na wengi hawajui ni wa nini.

Chasisi ya lori imeundwa ijipinde. Gurudumu moja likipanda jiwe, chasisi inajisokota, na bodi ngumu iliyokaa juu yake haitaki kusokotwa. Chuma kwa chuma vitasagana mpaka rangi itoke na ufa uanze. Ubao katikati unasambaza uzito na kumeza msuguano. Masharti yake ni haya:

Usichomelee chasisi, na usitoboe bapa la juu wala la chini. Bodi inashikwa kwa yubolti, bolti za umbo la U, za milimita 16, na ndani ya chaneli ya chasisi, pale yubolti inapobana, weka kipande cha kuzuia bapa lisikunjike. Kipande hicho kinaweza kuwa cha mbao, isipokuwa karibu na bomba la moshi, yaani ekzosi. Hapo ni chuma tu. Mbele, nyuma ya kebini ya dereva, ubao na boriti zikatwe kwa mshazari mrefu, sentimita 30 hivi, zifie polepole. Ukizikata wima, ile ncha inakuwa kisu. Kila tuta la barabarani linapiga chasisi mahali pamoja, na ufa utauona hapo hapo. Nyuma weka sahani za kubana zilizofungwa kwa bolti kwenye ubavu wa chasisi ili bodi isiteleze wakati wa breki.

Sasa ubaya wa ubao: unakauka, unapungua unene, yubolti zinalegea. Kaza baada ya kilomita 500 za kwanza, kaza tena kwenye 2,000, na baadaye kila sevisi. Asiyekaza atarudi kulaumu mbao.

---

Mchungaji_wa_Lori

Injinia kwa heshima, hapo mimi siweki ubao siku hizi. Mkanda wa konveya, ule wa mpira wenye nyuzi ndani, milimita 10 au 12, haupungui wala hauozi. Ubao kati ya chuma viwili ni mahali pa giza pasipopata upepo. Tope la barabara ya Kitengela likijaa humo halikauki mpaka Januari.

---

Injinia_Yubolti

Mchungaji, umegusa penyewe, na kuna watengenezaji wa malori wanaokataa ubao hapo kwa sababu hiyo hiyo. Mkanda ni mzuri kwa gari la barabara nzuri. Ila kama boriti za bodi ni chaneli nyepesi na chasisi ina vichwa vya riveti vimetokeza, mkanda wa 12 hauvivuki, na ubao unaweza kuuchimba ukae vizuri. Ukitumia ubao uwe mvule au mwingine usiooza, uloweshe dawa pande zote nne, na ukingo wa juu uchongwe mteremko kidogo maji yasilale. Saiprasi hapo hapana, itapondeka.

---

Ruaka_Tupu

Mnabishana kuhusu kipande cha ubao wakati kuna Waingereza wanaunda magari ya bei mbaya yenye chasisi nzima ya mbao. Morgan.

---

Kabureta

Hili limesemwa mara nyingi hata wenyewe wamechoka kulikanusha. Chasisi ya Morgan si ya mbao. Kule Malvern, kwenye kiwanda chao, walitumia chasisi ya chuma yenye umbo la ngazi mpaka 2020, na kuanzia modeli ya Aero 8 ya mwaka 2000 wakaleta chasisi ya alumini. Mbao, mti unaoitwa ash kwa Kiingereza, ni fremu ya bodi: mifupa inayoshikilia yale mabati ya nje, milango na matao ya magurudumu ya nyuma. Matao hayo hawachongi kwenye gogo moja. Wanabandika tabaka nyembamba kwenye kibano mpaka gundi ishike umbo.

Kwa nini ash? Nyuzi zake ni ndefu, unapinda bila kukatika, unameza mshtuko, unashika skrubu. Udhaifu wake ni kwamba ukipata maji unaoza haraka kuliko mbao nyingi, hauna kinga yake mwenyewe. Kwa hiyo msidhani walichagua mti usiooza; walichagua mti wenye tabia nzuri ya kufanya kazi, kisha wakaulinda.

Waliotengeneza chasisi ya mbao kweli ni kampuni ya Marcos, mwaka 1959. Jina ni vipande vya majina ya Jem Marsh na Frank Costin. Costin alikuwa amefanya kazi de Havilland, kampuni iliyounda ile ndege ya vita ya mbao, Mosquito. Akachukua plaiwudi ya baharini, akaunganisha kwa gundi masanduku masanduku, nguvu ikawa kwenye umbo zima. Hakuna boriti mbili za chini kama lori. Gari likawa jepesi na gumu. 1969 wakahamia chasisi ya chuma. Leo anayekagua Marcos ya zamani haanzi na injini, anaanza na kingo za plaiwudi zilizo karibu na magurudumu, kama maji yameingia kati ya tabaka.

DKW za Ujerumani miaka ya 1930 zilikuwa na bodi ya mbao na plaiwudi iliyofunikwa kitambaa cha mfano wa ngozi. Morris Minor Traveller, 1953 hadi 1971, ina ule ubao wa nje mnaouona kwenye picha, na watu hudhani ni urembo. Ubao huo unabeba nusu ya nyuma ya gari, na Uingereza mkaguzi anaweza kukukatalia gari likiwa limeoza hapo.

Anayenivutia zaidi ni Weymann, mtengenezaji wa bodi za magari wa miaka ya 1920. Tatizo la fremu za mbao lilikuwa kelele: ubao ukisuguana na ubao kwenye kiungo, gari linalia kama kitanda cha kamba. Yeye akaunganisha vipande kwa sahani za chuma na kuacha mwanya mdogo, ubao usiguse ubao, kisha akafunika kwa kitambaa badala ya bati. Fremu inajipinda, hakuna kinacholia. Linganisheni na alivyosema Injinia juu ya chasisi inayotaka kujisokota. Ni wazo lile lile.

---

Dada_Plaiwudi

Nashukuru Kabureta ametaja plaiwudi ya baharini, kwa sababu hapa Nairobi neno hilo limechafuliwa. Ukiingia hadware ukaomba marine, unaletewa ile ubao mweusi unaong'aa, wa kumwagia zege. Hiyo ni plaiwudi ya fomu. Ile ngozi nyeusi inakinga uso tu. Ndani tabaka zinaweza kuwa na mapengo, na ukiikata, ukingo uko uchi.

Plaiwudi ya baharini ya kweli ina gundi isiyovunjika kwa maji na tabaka zisizo na mapengo ndani. Kiwango kinachotajwa ni BS 1088. Kipimo cha jikoni: omba kipande cha sampuli, kichemshe saa kadhaa, kikaushe, kichemshe tena. Gundi ya kawaida itaachia, tabaka zitafunguka kama kurasa. Ikibaki imeshikana, angalau gundi ni nzuri. Kisha tazama ukingo uliokatwa kwa msumeno mkali: shimo lolote jeusi kati ya tabaka ni pengo, na pengo ni mfereji wa maji.

Sakafu ya matatu huoza mahali patatu: kizingiti cha mlango ambapo kila mtu anaingia na tope, chini ya miguu ya viti ambapo bolti zimetoboa, na chini ya ule mkeka wa plastiki uliobandikwa. Huo wa tatu ndio mbaya kuliko yote. Gari linaoshwa kila usiku, maji yanapenya kwenye kiungo cha mkeka, hayana pa kutokea. Juu panameremeta, chini pamekuwa uji. Kuvu wa kuozesha wanahitaji unyevu unaozidi asilimia 20. Ukiweza kuuweka ubao chini ya hapo hawaoti kabisa, hata ubao uwe wa aina gani.

Kwa hiyo: paka epoksi pande zote mbili na kingo zote kabla ya kuweka. Toboa matundu ya miguu ya viti makubwa kuliko bolti kwa milimita 6, yajaze epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao, ikishika toboa tena kwa kipimo cha bolti. Sasa bolti inapita kwenye plastiki ngumu, haigusi mbao. Ni kazi ya siku moja ya ziada.

Ukihitaji plaiwudi ndefu kuliko futi 8, usiunganishe kichwa kwa kichwa. Chonga mshazari wa 8 kwa 1: plaiwudi ya milimita 18 inataka mshazari wa 144. Paka gundi, bana kwa jiliwa, lakini usikaze kama unakamua nazi. Epoksi ikitoka yote kiungo kinabaki kikavu.

Gundi nyeupe ya makabati isitumike popote garini. Inalegea kwa joto na kwa maji, na hata ikiwa kavu inateleza polepole chini ya mzigo wa kudumu.

---

Mwenda_Pole

Oili chafu je? Karibu kila lori hupakwa oili ya injini iliyotumika. Ni bure na mchwa hawaigusi.

---

Msumeno_wa_Gikomba

Inafukuza maji kwa muda, hilo kweli. Lakini haizami ndani, inabaki juu, na baada ya hapo hakuna rangi wala gundi itakayoshika ubao huo maisha yake yote. Gunia la unga likilala juu linanuka na mteja anakataa mzigo. Tena ubao uliolowa oili na fundi anayekata chuma kwa grainda hapo juu, hiyo ni kuni yenye mafuta ya taa.

Ukitaka dawa, kuna chumvi za boroni, zinaua bungua na kuvu, ila mvua inaziosha, lazima uzifunike kwa rangi. Mbao za kijani zilizotiwa dawa kwa shinikizo, kama nguzo za stima, zina shaba ndani, na shaba inakula bolti za chuma. Tumia zinki nene au chuma cha pua. Na vipande vyake visichomwe jikoni, moshi wake una sumu.

---

BinJahazi

Hodi, ninyi watu wa bara. Pwani tumekuwa tukizuia maji na mbao karne nyingi. Jahazi hupakwa sifa, mafuta ya papa, juu ya maji, na deheni, shahamu na chokaa, chini ya maji. Na kati ya ubao na ubao mnapigwa kalafati: pamba iliyoloweshwa mafuta, inasukumwa kwa patasi butu mpaka ijae. Je, sakafu ya lori la nafaka mnaizibaje?

---

Randa_Kali

Karibu sana. Kalafati inashika kwa sababu jahazi liko majini, mbao zimevimba na zinabana pamba. Lori linalowa asubuhi na kukauka mchana, na linatikisika. Pamba itatoka yenyewe kabla ya kufika Naivasha. Kwa nafaka tumia ulimi na mfereji: kila ubao uwe na ulimi wa milimita 10 ubavuni unaoingia kwenye mfereji wa mwenzake, na mfereji uwe na kina cha 12 ili pawe na nafasi ya kuvimba. Au acha mwanya wa 6 na uujaze silanti (dawa ya kuziba inayonyumbulika) ya poliyurethani, siyo silikoni, silikoni haipokei rangi. Weka kamba ya sponji chini kwanza, silanti ishike kuta mbili tu. Ikishika na chini pia haitaweza kunyooka, itachanika.

Sifa nimeiheshimu, lakini dereva ataomba nyongeza ya mshahara kwa ile harufu.

---

Ruaka_Tupu

Basi tujenge bodi ya abiria ya mbao tu, kama daladala za Zanzibar.

---

Injinia_Yubolti

Hapa Kenya bodi ya abiria ina kiwango chake cha KEBS, shirika la viwango, KS 372, na gari likibadilishwa bodi lazima likaguliwe na kitabu cha gari kirekebishwe NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani. Mbao kwenye sakafu ni jambo moja, kutegemea mbao gari likipinduka ni jambo lingine. Ubao ukizidiwa haukunjiki kama chuma, unavunjika vipande vyenye ncha.

Kwa keria, paa la turubai au kibanda cha pikapu, fremu ya mbao inafaa. Matao ya turubai usiyapinde kwa nguvu. Kama una mvuke, kadiria saa moja kwa kila inchi ya unene, na mbao isiwe imekaushwa kwenye tanuri, itakatika. Bila mvuke, pasua vipande vya milimita 4, vipande sita, vipake epoksi, uvifunge kwenye ukungu (kalibu) wa umbo unalotaka. Ukivitoa vitarudi nyuma kidogo, kwa hiyo ukungu uwe umepinda zaidi ya kipimo chako.

---

Mwenda_Pole

La mwisho kwangu. Sakafu ipo tayari, ubao mmoja wa katikati unashukiwa umeoza. Nautoaje bila kung'oa yote?

---

Randa_Kali

Hakikisha kwanza. Sukuma bisibisi bapa karibu na kila bolti, kwa nguvu ya mkono. Ubao mzima unaingia milimita 2 na kukurudisha. Ukizama sentimita moja bila sauti, umeoza, na angalia majirani wake wawili pia.

Nati zitakuwa zimeshika kutu, kwa hiyo utazikata kwa grainda ukiwa chini. Fagia mabaki ya nyasi na vumbi kwanza, mwaga maji juu na chini, weka ndoo karibu, na rudi ukague baada ya saa moja. Cheche ikilala kwenye mwanya wenye unga wa mbao haiwaki hapo hapo, inafuka polepole na kushika moto wakati umeshafunga karakana.

Gonga bolti kwenda juu. Kama mbao ni za ulimi na mfereji, pasua ubao mbovu katikati kwa urefu, utoe vipande viwili. Kwangua krosmemba mpaka chuma kiwe cheupe, paka rangi ya zinki mara mbili, iache ikauke kabisa. Ubao mpya utoe mdomo wa chini wa mfereji wake ili ushuke kutoka juu. Upime unene dhidi ya majirani kabla ya kupaka epoksi: wao wameshalika milimita 2 au 3, na ubao uliotokeza ndio utakaokwaruzwa na kila sanduku. Upunguze kwa randa upande wa chini, pale tu unapokaa kwenye krosmemba. Kisha kaza bolti ukianzia katikati kwenda miisho.